Wajukuu Wanakula kwa Nani?

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Misiba yangu haikimbii. Sogea nikupe kwa kifupi.

Mwanangu Aron, niliyebakiwa naye peke yake, ananunua kabichi na pilipili hoho kwenye mabonde yetu huku juu ya Mlalo na kuzishusha mjini. Miaka minane nyuma alimtorosha Scholastica kwao Bungu, akaniletea alfajiri, binti hana hata kandambili. Ndoa ya kanisani ikawa ya kesho, na kesho yenyewe haijafika mpaka leo. Wakamzaa Glory, wakamzaa na Yohane, ambaye bado ananyonya.

Mwaka jana Aron akashuka Muheza kufuata machungwa. Machungwa yalirudi, yeye hakurudi. Kuna mwanamke huko anaitwa Nasra, mwenye duka la viungo. Scholastica akabaki kwangu bila sabuni, bila chumvi, bila hata salamu.

Ndipo nikamshika mkono mwenyewe nikampeleka kwa Sharifa, msaidizi wa kisheria wa kata yetu, kudai matunzo ya mke na watoto. Hapo ndipo nilipokatishia. Mama amempeleka mwanawe barazani, na mwana hajui kwamba ni mama.

Sasa msikie yaliyonipata.

Jumamosi nilikuwa namenya viazi, nikasikia pikipiki. Ni Aron, nyuma kafunga kiroba cha sembe kwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia?"

"Njia haipotei, mama."

"Haipotei. Huota majani tu."

Akacheka. Ana kicheko cha marehemu baba yake, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza mimi enzi zangu.

Akateremsha sembe, sukari, dumu la mafuta na doti ya khanga. "Vyote hivi vyako, mama."

Scholastica akatoka na mtoto mgongoni. "Karibu, Baba Glory."

Aron akautazama mlima, kana kwamba mlima ndio uliomsalimu.

"Mama, jifunge khanga mpya. Kaa hapo kando ya kiroba. Glory, njoo usimame na bibi. Haya, chekeni!"

Akatoa simu akatupiga picha. Mimi nilidhani anakwenda kumwonyesha huyo wa Muheza jinsi mama mkwe alivyo mzuri. Nikakaa mkao wa bibi harusi. Nikamwambia hata arudie, kwa sababu kuku alipita mbele yangu.

Kisha nikasonga bada, ndiyo ugali wetu, nikakaanga maharage kwa mafuta yale yale, tukala wote chungu kimoja kama tulivyokula miaka yote. Aron akashiba, akaondoka. Na aliyemmiminia maji ya kunawa ni Scholastica.

Jumatatu tukaitwa barazani.

Baraza letu la usuluhishi linakaa ofisi ya kata. Mwenyekiti ni Mzee Hassani, mtu wa haki, ila husikiliza amefumba macho, huwezi kujua kama anatafakari au ameshatuacha.

Aron akaingia amevaa koti. Akanikuta nimekaa upande wa Scholastica. Akanitazama, akalitazama benchi, akanitazama tena.

"Mama, umekaa vibaya," akaninong'oneza. "Upande wetu ni ule."

"Huku kuna jua," nikamjibu.

Ukungu ulikuwa umeziba madirisha yote.

Mzee Hassani akaanza. "Aron, huyu ni mkeo?"

"Hapana, mzee. Huyu ni binti anayekaa na mama. Anamsaidia kazi. Mama ni mtu mzima sasa."

Scholastica akavuta pumzi kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Na hawa watoto?"

"Watoto ni wangu, siwakatai. Binadamu huteleza."

"Ukateleza mara mbili, mahali pale pale?" Sharifa akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Hapana, ninasema uongo. Nilicheka, ila kidogo.

"Na ninawatunza," Aron akasema. "Huyu anayedai sileti kitu, tazameni wenyewe."

Akatoa simu, ikapita mkono kwa mkono. Mie huyo! Nimekaa na kiroba changu, khanga inang'aa, na Glory kando yangu meno yote nje.

Mzee Hassani akafumbua jicho moja. "Mama Aron, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Ila khanga imetoka vizuri kuliko mwenyewe."

"Chakula hiki, wajukuu walikula?"

Nikamtazama Sharifa. Sharifa akatazama chini.

"Walikula."

"Na Scholastica alikula?"

Ndugu zangu, ningesemaje? Ningesema nilimnyima?

"Alikula."

"Basi," Aron akasema, akakaa.

Sharifa akasimama kutetea kwamba mlo wa siku moja hauwi matunzo ya mwaka, na kwamba zawadi ya mtu kwa mama yake si chakula cha mke. Mzee Hassani akasema amesikia, lakini amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa haamui. Turudi Alhamisi. Mimi ndiye nitakayeulizwa kwanza, kwa sababu nyumba ni yangu: huyu binti ni mke wa mwanangu, au ni mfanyakazi?

Nje, Sharifa akatuweka kando.

"Mama, sikiliza. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na kuzidi, jamii ikawatambua hivyo, watadhaniwa ni wanandoa hata kama hapakuwa na kanisa wala msikiti. Mpaka anayekataa athibitishe. Kwa hiyo kauli yako ni nzito. Baraza likishindwa kuwapatanisha, litaandika yaliyosemwa, na shauri linapanda mahakamani Lushoto."

"Na mwanangu atafungwa?"

"Hafungwi kwa kuwa na mke, mama. Ataamriwa alishe watoto wake."

Tulipofika nyumbani Scholastica akamtua mtoto, akaingia jikoni kwangu, akatoka na sufuria yake moja.

"Unakwenda wapi na sufuria?"

"Napika nje, mama. Kuanzia leo hataniambia tena nimekula chake."

"Mama Glory, acha hasira."

"Si hasira. Ukinilisha sembe ile, mama, unaniua mbele ya baraza."

Huku kwetu, mkwe akizaa mtoto wa kwanza hupewa jiko lake. Mimi sikuwahi kumpa. Tulikuwa tunapendana, na mtu unayependana naye hutaki apike mbali, nani atakuonjea chumvi? Lakini ukimgawia jiko ghafla baada ya miaka minane, kijiji kizima kitasema umemfukuza.

Nikamwona anaokota mawe huko nyuma ya nyumba. Nikamfuata.

"Weka chini. Mafiga hayapangwi na mkwe. Hupangwa na mama mkwe."

Nikayabeba mwenyewe matatu, mgongo unalia, nikayapanga chini ya mti wa mpeasi. Nikachukua kaa jikoni kwangu nikamwashia moto. Hatukutazamana usoni.

Jioni ile nilisonga bada ya sembe nyeupe ya mwanangu, ikawaka kama theluji tunayoambiwa iko Kilimanjaro. Wenzangu nje wakachemsha viazi vitupu. Glory akatoka na sahani, akasimama katikati ya ua.

"Bibi, leo mimi ni wa jiko gani?"

Nimezika mume, nimezika watoto wanne. Sijawahi kuulizwa swali kama lile.

"Wa kwa mama yako," nikasema.

"Na kesho?"

"Kula viazi, mwanangu, vinapoa."

Nikajaribu ujanja. Nikaisahau sahani yangu ya bada juu ya kinu, mahali Glory anapopita. Baada ya muda sahani ikarudi imefunikwa, haijaguswa, na kwa nje Scholastica ameifuta hadi chini. Basi ile bada nikawapa kuku. Kuku wangu sasa wamenenepa kwa sababu ya sheria.

Kesho yake jirani yangu Halima akaja, akanisalimu Kishambaa.

"Onga mshee, Mama Aron."

"Mshee. Karibu."

"Nimekuja kuomba chumvi."

"Chumvi yako iliisha lini?"

"Nilipoona moshi unatoka mahali pawili." Akakaa bila kukaribishwa. "Eti umemtoa mkwe jikoni?"

"Amependa hewa."

"Hewa! Na baridi hii? Haya, siri yako."

Siri yangu ikashuka Mlalo na Halima siku ile ile, maana ilikuwa siku ya soko. Jumatano Aron akanijia, safari hii bila kiroba, uso umechanua.

"Mama, nimesikia! Umefanya la maana sana. Umemtenga mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Soko zima. Sasa kesho useme hivyo hivyo: alikuwa msichana wa kazi, amenichosha, nimemtoa jikoni. Basi. Nasra naye atakuja kukaa kwako, akupikie. Ni mwanamke mzuri, mama, ana adabu."

"Na hawa wawili?"

"Nitawaletea nguo Krismasi."

"Mtu hali shati, Aron."

Akakasirika. Akasimama pale mlangoni, akaupigapiga mwimo wa mlango aliouweka yeye mwenyewe, chini ya bati alilolipandisha yeye mwenyewe.

"Mama, mimi ndiye mwanao. Scholastica ni mtoto wa watu. Siku ukifa, nani atakuzika? Yeye?"

"Mtu hakosi kuzikwa, mwanangu. Nikianza kunuka mtanizika tu."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Aron kutocheka mzaha wangu tangu azaliwe. Akasema taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha:

"Ukisimama upande wake kesho, mama, usinitafute tena."

Akawasha pikipiki. Scholastica alikuwa chini ya mpeasi, anapuliza moto wa kuni mbichi. Alisikia kila neno. Hakuniomba kitu. Afadhali angeniomba, ningepata wa kumkasirikia.

Alhamisi baraza lilijaa. Hata Halima alikuwepo, na chumvi yangu hajairudisha.

Mzee Hassani akanisimamisha. "Mama Aron, wewe ni mtu wa usharika, sitakuapisha kwa msahafu wangu. Sema mbele ya Mungu wako. Nimesikia umemtenga huyu binti jiko. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

Minong'ono ikapita. Aron akajinyoosha kwenye koti lake. Sharifa akafumba macho.

"Mafiga ulipanga wewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Kwa nini?"

Nikamtazama mwanangu. Nilitaka kumwona kama alivyokuwa mdogo, anasoma zaburi kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Nikamwona hivyo hivyo, na bado nikasema.

"Mzee Hassani, wewe ni Mshambaa, una wakwe nyumbani. Nikuulize. Msichana wa kazi akikukasirisha, mkeo humfanyaje?"

"Humpa nauli yake, aende kwao."

"Humpangia mafiga?"

Mzee akafumbua macho yote mawili. "Hapana. Mafiga hupangiwa mkwe."

"Basi. Mimi sina msichana wa kazi, na mwanamke mzee wa kijijini angemlipa nini? Huyu aliletwa kwangu na Aron kabla jua halijatoka, nikampokea. Mbuzi wa kuomba radhi alikwenda Bungu, shemeji zangu waliompeleka wakamla huko, na wengine wamekaa hapo nyuma wanajificha. Miaka minane kijiji hiki kinamwita mke wa Aron. Halima, wewe unamwitaje?"

Halima akashtuka kutajwa. "Mke wa Aron," akasema. Kisha akaongeza, ili apate na yeye kusikika, "Siku zote."

"Na ile sembe?" Mzee akauliza.

"Sembe ililetwa kwangu. Mwenyewe alisema vyote vyako, mama. Kwa kuwa ni yangu, nililisha watu wa nyumba yangu. Bibi kulisha wajukuu si baba kulisha watoto. Na tangu Jumatatu anayeila ni kuku. Waulizeni."

Baraza lote likacheka. Nilipokaa, Sharifa akanishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza. Scholastica alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Mzee Hassani akasema, "Baraza limeridhika kwamba watu hawa wameishi kama mume na mke. Aron, je, uko tayari kumtunza mkeo na watoto wako, au niandike kwamba tumeshindwa, mwende mahakamani?"

Aron akasimama. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Mzee, mama yangu amesema, nami simpingi mama yangu. Watoto ni wangu. Kama ni lazima niwalishe, sawa. Watakula kwangu. Leo naondoka na Glory."

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa panga.

"Wapi?" Scholastica akauliza.

"Muheza. Kuna shule nzuri kuliko hii. Yohane ananyonya, abaki. Lakini Glory ametimiza miaka saba. Chini ya saba sheria humwachia mama. Glory amevuka. Siyo, Sharifa? Si wewe mjuzi wa sheria?"

Kumbe na yeye alikuwa amefundishwa na mtu.

Sharifa akaruka juu. "Mzee, hata akivuka saba, mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto! Haondoki na mtoto kama anabeba tenga la kabichi!"

"Haondoki naye leo," Mzee Hassani akasema. "Baraza hili haligawi watoto. Hilo ni la mahakama. Lakini ameomba, lazima niandike, na lazima niandike na umri. Cheti cha kuzaliwa kipo?"

Hakikuwepo. Glory alizaliwa wakati wa masika, barabara imekatika, akazaliwa kwangu juu ya mkeka. Cheti nacho kilikuwa cha kesho, kama ile ndoa.

"Nani alimpokea?"

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

"Mama Aron," Mzee akasema kwa upole, kalamu mkononi. "Wewe ndiye uliyemdaka. Leo umetusemea kweli, nasi tumekuamini. Mtoto huyu ana miaka mingapi?"

Ana saba. Ninajua kama ninavyoyajua magoti yangu. Aron anajua kwamba ninajua.

Kumbe ukweli ndio ulioturudishia heshima asubuhi ile, na sasa ukweli huo huo ulikuwa umeshamshika Glory mkono, unamvuta kuelekea Muheza.

"Sema, mama," Aron akasema, na mara hii akatabasamu. "Wewe hujawahi kusema uongo."

Mtoto wa kiume anaweza kuishi na mama yake miaka arobaini asimjue hata kidogo.

Nikamtazama Scholastica. Hakuniomba hata safari hii. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Nikajikohoza. Nikamwomba Mungu ageuke kidogo atazame upande wa Bungu.

"Mzee Hassani," nikaanza, "Glory alizaliwa masika ya mwaka ule... ngoja... basi leo ana miaka si..."

"Bibi, mimi najua!"

Sote tukageuka dirishani. Glory alikuwa ametoka shule, bado na sare, amening'inia kwenye nondo za dirisha. Mkono mmoja ameuinua juu kabisa, kama anavyofundishwa darasa la kwanza, uso wote unang'aa kwa furaha ya kuulizwa kitu anachokijua.

Mzee Hassani akatabasamu, akaielekeza kalamu kwake.

"Haya, mjukuu wangu. Tuambie."